Kiyoyozi cha Inveta Baada ya Miezi 14 Kigamboni: Umeme, Chumvi na Suala la Gesi "Kuisha"

Habari zenu ndugu watazamaji, na karibuni tena. Kiyoyozi mnachokiona ukutani nyuma yangu kilifungwa miezi 14 iliyopita katika chumba hiki cha kulala, hapa Kigamboni, mahali ambapo usiku ukitulia unasikia bahari. Ni cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), cha aina ya inveta, na kinatumia gesi ya R-32. Wengi mliomba nikizungumzie mapema nami nikawaomba subira, kwa sababu kiyoyozi kipya huwa hakimuudhi mtu mwezi wa kwanza. Nilitaka kipitie kaskazi nzima, masika nzima, na vipindi vya umeme wa kukatikakatika. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa ninachokipima leo ni aina ya mashine na ufungaji wake, mambo ambayo yatakuhusu hata ukinunua ya kampuni nyingine.

Inveta ninayoizungumzia si ile ya sola. Ni mfumo uliomo ndani ya mashine yenyewe, unaoiwezesha kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi, kubadili mwendo. Kiyoyozi cha kizamani kina mwendo mmoja tu: kompresa inawaka kwa nguvu zake zote, chumba kikipoa inazima, joto likirudi inawaka tena. Hiki hupunguza mwendo kadiri chumba kinavyopoa, kisha huendelea kuzunguka polepole hadi alfajiri.

Tofauti hiyo niliipima kwa njia ambayo kila mmoja wenu anaweza kuifanya nyumbani. Nilizima kila kitu isipokuwa friji, nikasoma mita ya LUKU saa nne usiku, nikaisoma tena saa kumi na mbili asubuhi. Kiyoyozi changu cha zamani, nacho cha BTU 12,000 na nikiwa nimekiweka nyuzi 25, kilikuwa kinakula kama uniti 6.5 kwa usiku mmoja wa Februari, baada ya kutoa uniti za friji. Hiki kinakula kati ya 3 na 3.5. Hata hivyo, sipendi mtu anunue kwa kuziangalia namba hizo peke yake, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimechakaa na kinavuja, hivyo sehemu ya nafuu hii ni ya uzima wa mashine mpya, si ya inveta. Na kama unawasha kiyoyozi nusu saa tu kabla ya kulala kisha unakizima, inveta haitakurudishia fedha zako upesi, kwa maana faida yake iko katika yale masaa marefu ya mwendo mdogo.

Kuna faida nyingine ambayo kwa mtu wa pwani naiona kubwa kuliko ya umeme. Fukuto letu si joto tu, ni joto pamoja na unyevu. Kiyoyozi huondoa unyevu pale hewa inapopita kwenye koili baridi muda wa kutosha, maji yakajikusanya na kutoka kwa bomba lile dogo. Ndiyo maana kumshauri mtu mwenye chumba kidogo achukue BTU 18,000 "ili kipoe haraka" ni kumponza: mashine kubwa hupoza hewa kwa dakika chache ikazima kabla haijakausha chochote, na mtu analala kwenye baridi yenye shuka mbichi. Chumba hiki ni mita 4 kwa 4, kina paa la bati na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na BTU 12,000 zinakitosha.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu gesi, maana hapa ndipo watu wanapoteza fedha. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama inavyoisha ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Kile kiyoyozi changu cha zamani kiliongezwa gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara zote tatu nililipa. Fundi wa nne hakufungua hata mtungi. Alikoroga sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe, akaipaka kwa brashi kwenye nati inayounganisha bomba la shaba na mashine ya nje, akaniambia nisogee nitazame. Kilijitokeza kipovu kidogo kama punje ya mtama, kikavimba taratibu, kikapasuka, kikaja kingine. Mwaka mzima wa gharama zangu ulikuwa unatokea hapo.

Kwa hiyo siku ya kufunga hiki nilisimama karibu na fundi tangu mwanzo hadi mwisho. Alitaka kuitoa hewa ndani ya mabomba kwa kuachia gesi kidogo iisukume, jambo ambalo linaacha unyevu ndani, na unyevu huo huharibu mafuta ya kompresa. Nilimwomba kwa heshima atumie pampu ya kunyonya hewa. Ilifanya kazi nusu saa, kisha tukafunga vali na kuitazama geji ya shinikizo robo saa nzima kuona kama mshale unapanda, maana ukipanda kuna mahali panavuja. Haukupanda, na hadi leo sijaongeza gesi.

Wenye viyoyozi vya gesi ya R-22, fahamuni kwamba gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi kama yetu ukomo wake ni mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo kwa matengenezo. Asitokee mtu akakuwekea R-32 katika mashine ya R-22: shinikizo lake ni kubwa zaidi, tena inaweza kushika moto.

Nasogeza kamera nje. Tazameni mapezi haya ya alumini, na huu unga mweupe pembeni. Hiyo ni kazi ya chumvi. Mashine nimeiweka upande usioelekea bahari, na kila baada ya wiki mbili nazima swichi kuu yake na kuisuuza kwa maji baridi ya bomba, bila presha kubwa kwa kuwa presha hukunja mapezi. Pamoja na hayo, boliti za vishikio zimeshaanza kutu. Hilo ni kosa langu. Ningenunua za chuma kisichoshika kutu. Vichujio vya ndani huvitoa kila Jumamosi nyingine, na huchukua dakika kumi.

Udhaifu mkubwa wa inveta ni bodi yake ya umeme. Umeme ukirudi kwa kishindo, au mjusi akijipenyeza ndani, bodi huungua, na bei yake inaumiza. Wekeni kifaa cha kulinda umeme kinachochelewesha kuwaka kwa dakika tatu au zaidi, na mzibe tundu la waya. Changu kimeshapitia kukatika kwingi bila hitilafu.

Nimeridhika nacho kiasi kwamba chumba cha mama, huko Tanga, chenye mita 3 kwa 3.5, nitakifungia cha BTU 9,000. Nimepanga iwe Septemba, kabla joto la kaskazi halijaanza na mafundi hawajaelemewa, ili fundi asiwe na sababu ya kuniambia kwamba nusu saa ya pampu ni ndefu mno.