Kunyoosha kwa kutulia au kwa mwendo: misuli ya nyuma ya paja kwa wanafunzi

Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mfupa wa kukalia na kuishia chini kidogo ya goti; kwa hiyo ikikaza, mtoto anapoketi huku miguu imenyooka, huivuta nyonga irudi nyuma, na mgongo wa chini hupoteza mpindo wake wa kawaida. Ukazo huu huonekana zaidi wakati wa kubalehe, mifupa inaporefuka kwa kasi, na saa nyingi za kukaa dawatini hazisaidii.

Katika kunyoosha kwa kutulia, mwanafunzi huketi sakafuni, hunyoosha mguu mmoja, huinama kuanzia kwenye nyonga bila kukunja mgongo, kisha hubaki hapo kwa takriban sekunde 30. Hapa ndipo wengi hukosea: hushindania kugusa vidole vya miguu, na kinachovutwa huwa ni mgongo, si paja.

Kunyoosha kwa mwendo ni kubembeza mguu mbele na nyuma kwa utaratibu. Hupasha mwili joto kabla ya mbio au mpira, ilhali kutulia kwa zaidi ya dakika 1 kabla ya mbio huweza kupunguza kidogo nguvu ya misuli.

Kwa unyumbufu wa kudumu naipendelea njia ya kwanza, ifanywe siku kadhaa kwa wiki baada ya mchezo, misuli ikiwa bado na joto. Mwalimu mwenye dakika 5 tu kabla ya mchezo achague ya pili. Mtoto mwenye ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni apelekwe kwanza kwa daktari.