Fasihi Yetu: Tuisome kwa Jicho la Ukoloni au la Mapokeo?

Barazani hapa Lamu swali hili halikauki: fasihi ya Afrika isomwe kwa nadharia ya baada ya ukoloni, yaani ile inayotafuta athari za ukoloni ndani ya maandishi, au kwa mapokeo yake yenyewe? Kwa gharama, njia ya kwanza ni nafuu, kwani istilahi zake hufundishwa vyuoni, ilhali ya pili hudai Kiamu cha kale, yaani lahaja ya Lamu, Kiarabu kidogo na subira ya kukaa na mzee ajuaye.

Kwa uaminifu kwa matini, mizani huelemea upande wa pili. Al-Inkishafi, utendi unaosimulia kuanguka kwa mji wa Pate, ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Waingereza hawajatangaza himaya yao mwaka 1895. Na mshairi anapotuonyesha madaka yaliyopangwa sahani yakiwa sasa malazi ya makinda ya ndege, hamlaumu mkoloni, bali anauonya moyo wake juu ya dunia ipitayo. Kumtafuta Mzungu humo ni kumnyamazisha mshairi, nami jambo hilo huniuma.

Hata hivyo, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, Things Fall Apart, haisomeki kikamilifu bila kuutaja ukoloni. Basi anayejiandaa kwa mtihani wa riwaya za karne ya 20 aanze na nadharia. Anayezishika tendi za bibi zake aanze na mizani na vina, nadharia aitie baadaye iwapo matini yenyewe inaiita.