Uzoefu wangu na TMS: tiba ya sonona kwa sumaku

Nilitibiwa kwa TMS nchini Marekani baada ya vidonge kushindwa kuiondoa sonona. Nawaandikia Waswahili wenzangu huku ughaibuni ambao daktari ameshawatajia tiba hii. Naipendekeza bila kusita, ila mengi yanategemea koili, yaani waya uliosokotwa unaotoa nguvu ya sumaku, imekaa wapi kichwani, na hilo mgonjwa mwenyewe anaweza kulifuatilia.

Kwanza, tusiichanganye na tiba ya shoti ya umeme, ile inayohitaji dawa ya usingizi. Kwenye TMS hulazwi, huchomwi sindano, uko macho mwanzo hadi mwisho, na ukimaliza unaendesha gari kwenda kazini. Koili hupitishiwa umeme kwa muda mfupi mno, ikazalisha nguvu ya sumaku inayokaribia ya MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na hiyo huamsha seli za ubongo zilizo sentimita 2 hadi 3 kutoka juu. Panapolengwa ni mbele, upande wa kushoto, sehemu ambayo kwa wengi wenye sonona hufanya kazi kivivu. Siyo majaribio: Anthony Barker na wenzake waliitengeneza mashine ya kwanza ya namna hii Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya TMS iitwayo NeuroStar itumike kwa sonona mwaka 2008.

Bima ndiyo inayochosha. Kampuni nyingi hutaka uthibitisho kwamba umeshatumia dawa kadhaa bila nafuu, na mara nyingi pia kwamba umepitia ushauri wa kisaikolojia. Andaa orodha: jina la dawa, miligramu, ulitumia wiki ngapi, uliacha kwa nini. Kama matibabu yalianzia Dar au Nairobi, omba muhtasari wa faili lako mapema. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: mchango wako unalipwa kwa kila kikao? Tiba kamili kwa kawaida ni vikao 36, yaani siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, halafu 6 vya kupunguza taratibu ndani ya wiki 3. Ukichangia dola 30 kila ukienda, hiyo ni dola 1,080.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu, na ndiyo ya kuwa makini nayo. Daktari hutafuta sehemu ya ubongo inayoendesha kidole gumba cha mkono wa kulia. Anapiga pigo mojamoja huku akiangalia kidole kinavyoruka, na nguvu ndogo kabisa inayokirusha takriban mara 5 kati ya 10 ndiyo kipimo chako. Tiba kwa kawaida hutolewa kwa asilimia 120 ya kipimo hicho. Baada ya hapo lazima aende mbele kutoka kwenye sehemu ya gumba hadi sehemu ya tiba. Njia ya zamani ni kusogea sentimita 5.5 kwa kila mtu, na udhaifu wake uko wazi: vichwa havilingani, kwa hiyo kwa mwenye kichwa kikubwa koili huishia nyuma mno. Njia bora kidogo hutumia futi kamba: kutoka sikio hadi sikio, kutoka katikati ya macho hadi kinundu cha kisogoni, na mzunguko wa kichwa, kisha hesabu inatoa nukta iitwayo F3. Bora zaidi ni kuongozwa na picha yako ya MRI. Uliza wanatumia ipi.

Nywele nazo zina uzito wake hapa. Nguvu ya sumaku hushuka haraka kadiri koili inavyokaa mbali na ngozi, kwa hiyo rasta nene, wigi au weaving vinaathiri kipimo. Ukipimwa ukiwa na nywele fupi kisha wiki ya tatu ukaja umesuka, dozi inayofika ndani siyo ile iliyopimwa. Chagua mtindo mmoja ulio bapa udumu nao, au omba upimwe upya. Vibanio na hereni vinatoka. Meno yaliyozibwa hayana shida, lakini kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, klipu ya mshipa au chuma chochote kichwani lazima kitajwe kabla.

Kikao chenyewe: mashine inagonga kwa sekunde 4 kama kigong'ota juu ya mti, inapumzika sekunde 26, inarudia hadi mapigo 3,000. Hiyo ni dakika 37 na nusu. Mapumziko yakifupishwa hadi sekunde 11, inakuwa chini ya dakika 19. Kuna pia mtindo wa mapigo 600 kwa dakika 3 tu. Utafiti mkubwa wa Kanada uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba hauzidiwi na ule mrefu. Vaa vizibo vya masikio kila mara, kelele ni kali. Maumivu huja kwenye nyusi, paji la uso na hata meno, kwa sababu koili inagusa pia mishipa ya fahamu ya uso. Usivumilie kimya. Mwendeshaji anaweza kuzungusha koili kidogo, au kuanza na nguvu ndogo na kuipandisha ndani ya wiki ya kwanza. Kichwa kikiuma baadaye, paracetamol hutosha kwa wengi.

Mambo huharibika zaidi kwa uzembe mdogo: umeteleza kwenye kiti, kichwa kimelala, koili imeinuka. Usisinzie. Ukihisi mapigo yamehama mahali, simamisha. Hatari kubwa ni kuanguka kifafa, na ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000. Huongezwa na kukosa usingizi, pombe au kuiacha ghafla, na baadhi ya dawa kama bupropion (ya sonona), kwa hiyo badiliko lolote la dawa liseme siku hiyohiyo. Dawa za jamii ya diazepam zimeonekana kuambatana na matokeo hafifu; zungumza na daktari, usiziache mwenyewe. Mwenye historia ya kupanda hisia kupita kiasi (mania) naye aseme, maana tiba inaweza kuziamsha.

Wiki mbili za mwanzo usitegemee kitu. Wengi huona mabadiliko wiki ya tatu au ya nne, na mara nyingi watu wa nyumbani hugundua kabla yako: unakula, unajibu simu. Wengine huchelewa hadi wiki ya sita, ndiyo maana kuacha katikati ni hasara. Jaza PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, kila wiki uone alama zinaelekea wapi. Takriban nusu ya wagonjwa hupata nafuu kubwa, na karibu theluthi dalili huisha kabisa. Mawazo ya kujiua yakija katikati ya tiba, usingoje kikao kijacho. Kwa Marekani piga 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo hayo.

Sonona inaweza kurudi, na tiba hii hurudiwa. Kabla ya kuaga kliniki, chukua nakala ya kipimo chako, mahali koili ilipowekwa, mtindo wa mapigo na alama zako za PHQ-9. Bima itaziomba, na daktari mpya atajua pa kuanzia.