Usiku wa chusa Rockport: uzoefu wangu wa kukodi kapteni wa kuvua flounder

Nianze na swali ambalo wengi mtaliuliza kwanza, kama inafaa kumlipa kapteni akupeleke usiku kuvua flounder kwa chusa: ndiyo, pesa yangu ilikwenda panapostahili, na ningelipa tena. Tulilipa dola 500 kwa watu watatu, yaani mimi, shemeji yangu na kijana wangu wa miaka 14, kwa usiku mmoja kwenye ghuba ya Aransas, upande wa Rockport, Texas. Bakshishi haimo humo. Desturi ya huku ni kati ya asilimia 15 na 20, na kapteni wetu nilimpa ya juu kwa roho safi. Ninawaandikia hasa Waswahili wenzangu walioko Houston na San Antonio. Bahari haiko mbali nanyi, kutoka Houston ni kama saa tatu tu kwa gari, lakini wengi wetu tunamaliza mwaka mzima tukila samaki wa barafu kutoka supamaketi.

Flounder ni samaki bapa, wa namna ya gayogayo wetu. Macho yote mawili yako upande mmoja, na kwa huyu wa kusini mwa Marekani upande huo ni wa kushoto. Huanguliwa akiwa na jicho kila upande kama samaki wengine, kisha akiwa bado mdogo sana jicho moja huhama, likavuka kichwa na kwenda kukaa na mwenzake. Tangu hapo hulalia ubavu. Mgongo wake hubadilika rangi ukafanana na mchanga alipo. Unaweza kumvua kwa ndoano mchana, lakini usiku husogea kwenye maji mafupi kando ya ufuko, akajifukia, akasubiri kamba na vidagaa wapite juu yake. Hapo ndipo chusa, yaani mkuki wa kuchomea samaki, linapofanya kazi. Aliyekulia Tanga, Pemba au Lamu hahitaji maelezo marefu, kwani kazi ni ileile ya kwenda na karabai maji yakiwa yamekupwa, ila hapa huteremki majini. Unasimama mbele ya boti.

Boti yenyewe ni pana, tumbo lake bapa, na mbele ina reli ya kuegemea kiunoni. Chini ya reli zimepangwa taa za LED zinazomwaga mwanga moja kwa moja majini, na jenereta inanguruma nyuma. Tukiwa kwenye kina kapteni alitumia injini ya kawaida. Tulipofika maji ya futi moja au mbili akaipandisha, akawasha feni kubwa iliyofungwa juu, ile inayosukuma boti kwa upepo bila kuchafua maji chini. Kwa mwanga ule unaona kila kitu: kaa wa buluu wakikimbia kimshazari, kamba macho yao yakiwaka, mikizi wakiruka mpaka mmoja akaangukia miguuni kwa shemeji.

Sasa niseme kuhusu kuweka nafasi, maana hapa ndipo watu wanapolizwa. Nilipiga simu kwa makapteni kadhaa. Mmoja alitaka pesa yote mapema, na nilipomuuliza itakuwaje upepo ukivuma akanijibu tu kwamba tutaongea siku hiyo. Nikashukuru nikakata. Huyu tuliyekwenda naye alichukua kianzio cha dola 150, zilizobaki tulimpa gatini. Masharti yake aliniandikia kwa ujumbe kabla sijalipa: akiahirisha yeye kwa sababu ya hali ya hewa, tunachagua tarehe nyingine au anarudisha kianzio chote; tukiahirisha sisi zikiwa zimebaki chini ya saa 48, kianzio kinabaki kwake. Ni haki.

Na kweli aliahirisha. Asubuhi ya siku yenyewe ukaja ujumbe: upepo umegeuka, leo hapana. Shemeji alikuwa ameshaomba ruhusa kazini na alikasirika sana. Mimi ndipo nilipomwamini yule kapteni. Kwenye pwani hii maji hayapwi na kujaa kama kwetu, ambako yanaweza kupanda mita tatu na zaidi wakati wa bamvua. Hapa mara nyingi tofauti haifiki hata futi mbili, na upepo ndio unaoyaingiza na kuyatoa maji kwenye ghuba. Ukivuma kwa nguvu tope linanyanyuka, na maji yakichafuka utazunguka usiku kucha usione hata jani la mwani. Angeweza kutupakia, akatuzungusha gizani na kuchukua pesa yake, nasi tusingejua. Alikataa. Tulikwenda baadaye upepo ulipotulia, mwishoni mwa Oktoba, na maji yalikuwa meupe kama ya kisimani.

Tarehe ni ya kuangalia sana. Texas inafunga uvuvi wa flounder kuanzia Novemba 1 mpaka Desemba 14, kwa kila mtu na kwa kila chombo. Huo ndio wakati ambao baridi ikianza samaki hawa wanatoka kwenye ghuba kwenda kutaga kwenye bahari kuu, na wanapita kwa makundi kwenye mikondo myembamba ambako zamani watu waliwavuna watakavyo. Idadi yao imekuwa ikipungua kwa miaka mingi. Ndiyo maana mwaka 2020 urefu wa chini uliongezwa kutoka inchi 14 hadi 15, na mwaka 2021 kufunga huku kukaanza. Mtu anayekuuzia safari ya flounder katikati ya Novemba, mkimbie.

Leseni nayo. Kapteni anayebeba abiria wa kulipa lazima awe na leseni ya walinzi wa pwani wa Marekani, na pia ya uongozaji uvuvi kutoka idara ya wanyamapori ya jimbo. Muulize bila haya. Wetu alituonyesha zote kabla hatujakanyaga boti. Na wewe mwenyewe unahitaji leseni yako yenye kibali cha maji chumvi. Kwa mkazi wa Texas kifurushi cha mwaka ni dola 35, na mwaka wa leseni unaishia Agosti 31, kwa hiyo usinunue Agosti ukadhani umepata miezi kumi na miwili. Anayekwenda usiku mmoja anaweza kukata ya siku moja. Mtoto aliye chini ya miaka 17 hahitaji, lakini anahesabiwa kwenye mgawo: kila mtu samaki 5. Sisi watatu tuliruhusiwa 15. Kapteni hahesabiwi, sheria inamtoa yeye na msaidizi wake kwenye hesabu ya boti, kwa hiyo akija mtu kukwambia mtaongeza na fungu lake, anakuingiza kwenye faini.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo nilipoona ninalipia nini. Chusa ni la mti mrefu mwepesi lenye meno ya chuma yenye vijino vya kumshikilia samaki asichomoke. Ukiwa na ndoano, samaki mdogo unamrudisha majini akaenda zake. Chusa halina kurudisha. Ukishamchoma umemuua, awe wa inchi 15 au wa 13, na ukikutwa na wa 13 ni kosa lako. Kwa hiyo kupima kunafanyika kwa macho, samaki akiwa ndani ya maji, amefunikwa mchanga, boti ikisogea na mwanga ukicheza. Kapteni alikuwa amechora mstari wa inchi 15 kwenye mti wa chusa kwa utepe mweupe. Ukimwona samaki unashusha mti taratibu karibu naye bila kumgusa, unalinganisha, halafu yeye anasema ndiyo au hapana. Mara nyingi alisema hapana. Kijana wangu alimwona mmoja aliyelala kando ya mwamba wa chaza, mimi ningeapa ni mkubwa. Kapteni aliinama, akamtazama, akasema, "Mwache huyo, amevimba kwa mchanga tu." Tukamsogeza kwa mti, akanyanyuka na vumbi lake, na kweli alikuwa mdogo.

Kuna jambo alilotueleza ambalo limenibakia. Dume wa flounder ni nadra kufikia inchi 15; karibu wote wanaofaa kubebwa ni majike. Na jinsia ya samaki hawa huathiriwa na joto la maji wakiwa wadogo, maji yakizidi joto madume yanaongezeka. Ukiweka mambo hayo mawili pamoja unaelewa kwa nini alikuwa mkali vile. Kila tunayemtia kwenye barafu ni mama wa kutaga, na bahari inayopata joto inazalisha akina mama wachache zaidi. Mtu anayeishi kwa kuwapeleka watu kuchoma samaki hawa ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuzuia, na sikumsikia hata mara moja akituhimiza tujaze mgawo. Tulirudi na 12. Tungeweza kusubiri wengine watatu; yeye aliona maji yameanza kuingia tope, akatuuliza kama tumetosheka, tukasema tumetosheka.

Kumtambua ni kazi ya kujifunza. Mwanzoni nilikuwa naona mchanga tu. Kapteni akanionyesha kwanza vitanda vitupu: alama ya umbo la jani iliyobaki mchangani samaki akishaondoka, ukingo wake bado mkali kama ni wa jioni ile, umelegea kama ni wa jana. Ukikuta vitanda vingi, wenyewe hawako mbali. Baada ya hapo jicho likafunguka. Unatafuta duara lisilokamilika, ukingo wa pezi, na macho mawili yaliyokaribiana kama shanga. Unachoma nyuma ya kichwa, unamkandamiza chini kabisa mpaka mti uache kutikisika, ndipo unamnyanyua taratibu mti ukiwa umelala. Ukimvuta haraka anachanika, anakwenda kufia mbali, na huyo naye ni hasara ya ghuba nzima.

Mwingine anayejificha hapohapo ni nyenga, yule taa mwenye mwiba mkiani. Tuliwaona wengi, wengine wamefukiwa vizuri kuliko flounder. Kapteni hakuruhusu mtu kuteremka hata chusa la shemeji liliponasa kwenye chaza. Alirudisha boti nyuma akalichomoa mwenyewe. Na kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza alikuwa na dawa na bandeji tele, akasisitiza tuvae viatu vya kufunika vidole. Maji ya joto ya ghuba hizi yana bakteria anayeitwa Vibrio, ambaye anaweza kuingilia kwenye kidonda kidogo tu na kuua, hasa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini. Kama una kidonda kibichi, ahirisha. Pia kuna trauti na samaki wengine wanaokuja kwenye mwanga. Yule mkubwa mwekundu mwenye doa jeusi mkiani alipita mara kadhaa akiwa amenona, lakini huyo ni marufuku kumchoma chusa, ni wa ndoano tu. Shemeji alimtazama kwa uchungu.

Yasiyonipendeza yapo. Kelele za jenereta na feni ni kali, na hakuna aliyetuambia tubebe vizibo vya masikio. Kijana aliumwa kichwa mpaka asubuhi. Boti haina choo, na tulikaa majini tangu saa mbili usiku hadi karibu saa saba. Ni kusimama muda wote, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu atateseka. Mimi ningependa kapteni aongeze angalau benchi mbele. Na kwenye tangazo lake ameandika kwamba kusafisha samaki kumo kwenye bei, kumbe ni kutoa minofu. Ukitaka samaki mzima aliyeparwa magamba na kutolewa matumbo, kama tunavyotaka sisi, unaongeza dola 20. Aliandike hilo wazi. Kazi yenyewe ilifanyika gatini, kwa sababu sheria hairuhusu kukata kichwa au mkia mkiwa bado majini, na kisu chake kilikuwa chepesi ajabu.

Wamarekani wengi humjaza nyama ya kaa tumboni wakamwoka. Sisi tulimkata chale pande zote mbili, ndimu, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, tukamchoma juu ya mkaa na kumpaka tui zito la nazi lenye bizari. Nyama yake ni nyeupe, nene mgongoni, miba mikubwa tu inayoonekana, hata mtoto anakula bila kuchaguliwa. Ngozi ya upande wa chini ni nyembamba, iangalie isishike wavu.

Ukitaka kwenda, piga simu Agosti au mapema Septemba, maana wikendi za Oktoba zinajaa haraka. Uliza kwanza habari ya upepo na kianzio, kisha mwambie mapema unataka samaki wazima. Beba sweta hata kama mchana umeungua na jua, dawa ya mbu, vizibo vya masikio, na sanduku lako mwenyewe lenye barafu ya kutosha safari ya kurudi.