Ekwalaiza (saketi inayonyoosha ishara iliyoharibiwa na chaneli, yaani njia ya waya) kwenye simulesheni ya linki ya kasi: takwimu (kukokotoa uwezekano wa makosa) au biti kwa biti (kupitisha biti moja moja)?
Kama risiva ina CTLE tu (ekwalaiza ya linia inayoinua masafa ya juu) na kila kitu ni linia, nenda na takwimu, inachukua mwitikio wa chaneli kwa impalsi moja na ndani ya sekunde chache unaona jicho (mchoro wa biti zilizopandanishwa, likiwa wazi ishara ni safi) hadi makosa ya 1e-12, yaani kosa moja kwa biti trilioni, ambapo biti kwa biti hata ukikimbiza biti milioni moja hufiki huko. Ila kwenye DFE (ekwalaiza inayotumia biti zilizoshaamuliwa kufuta mabaki yake kwenye biti zinazofuata) aisee biti kwa biti ndo yenyewe: risiva ikikosea biti moja, tepu (kizidishi cha DFE kwa kila biti iliyopita) badala ya kufuta mabaki inayaongeza, biti inayofuata nayo inaweza kukosewa, na takwimu kwa kawaida inachukulia maamuzi yote ni sahihi. Mi nachagua mipangilio ya ekwalaiza kwa takwimu, kisha DFE naipima biti kwa biti, na biti za mwanzo tepu zikiwa bado zinajirekebisha nazitupa, usipozitupa jicho linaonekana bovu bure.