Hedifoni za Yamaha Zisizo na Waya: Kabla Hujalipa, Uliza Habari za Waya

Tangu niandike kuhusu vinanda vya kujifunzia, malalamiko ninayoletewa WhatsApp yanafanana. Mtu amejibana, amenunua hedifoni ya bei kubwa isiyo na waya, yenye kuzuia kelele, na amechagua Yamaha kwa sababu kinanda chake ni Yamaha. Anaamini vitu vya kampuni moja havitashindwa kuelewana. Usiku watoto wakishalala anakaa kwenye kinanda, na hapo moja kati ya mawili linamkuta: ama kinanda hakiioni hedifoni kabisa, ama sauti inafika kidole kikiwa kimeshaondoka. Mwalimu mmoja wa kwaya wa Tabata aliniuliza kama ameuziwa feki. Nilimwomba picha za boksi na za hedifoni yenyewe, na kwa nilivyoziona ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba tangu anaingia dukani hadi anatoka hakuna aliyemuuliza anakwenda kuitumia kwa kazi gani.

Kwa hiyo humu sitazungumzia besi, rangi, wala betri inakaa saa ngapi. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia bila kuombwa. Mimi nataka tuzungumze kuchelewa kwa sauti, na ule waya mwembamba ulioviringishwa chini ya boksi ambao wengi huuacha humo humo.

Hedifoni ya Bluetooth haipokei sauti moja kwa moja. Sauti kwanza inabanwa iwe ndogo, inafungwa vipande vipande, inarushwa hewani, inapokelewa, inawekwa akiba kidogo ili isikatike, kisha inafunguliwa na kupigwa. Kwa mfumo wa kawaida unaotumiwa na hedifoni nyingi, safari hiyo huweza kuchukua milisekunde 200. Ukitazama filamu kwenye simu huoni kasoro, kwa sababu programu inaichelewesha picha ili iende sawa na sauti. Kinanda hakina ujanja huo. Hakiwezi kujua mapema kidole chako kitashuka saa ngapi.

Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Milisekunde 200 ni sawa na kupiga kinanda ambacho spika yake iko mita 68 kutoka ulipo. Ukipiga wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 500, kwa hiyo unajisikia karibu nusu pigo nyuma. Mkono wa kushoto unaanza kusubiri, wa kulia unamsubiri wa kushoto, na mwendo wote unalegea. Mwanafunzi anayeanza atadhani hana kipaji. Hili ndilo linaloniuma kuliko fedha iliyopotea, maana nimeona watu wakiacha kabisa kujifunza.

Kuna na hili la pili. Vinanda vingi vinavyoandikwa Bluetooth vinapokea tu: unacheza wimbo kwenye simu, unasikika kwenye spika za kinanda. Kutoa sauti kwenda kwenye hedifoni ni habari nyingine. Dukani muuzaji ataunganisha simu yake, wimbo utalia, atakwambia "umeona, kinashika Bluetooth," na wewe utaondoka umeridhika.

Dawa ni waya. Ukichomeka waya, kuchelewa kunakwisha. Lakini si kila hedifoni ya bei kubwa inauheshimu waya, na hapo ndipo nilipopanga orodha yangu. Ninaangalia mambo matatu: boksini mna waya? Upande wa hedifoni unaingia jeki (ile pini ya kuchomeka) ya ukubwa gani? Na betri ikiisha, au umeme ukikatika hujachaji, bado inalia?

Namba moja kwangu ni Yamaha YH-L700A, iliyotoka 2021, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Yamaha. Kampuni hii ilianza na Torakusu Yamaha kutengeneza kinanda cha shule kilichoharibika pale Hamamatsu, Japani, mwaka 1887, na nembo yake hadi leo ni uma tatu za kupatia sauti. Huku kwetu jina hilo wengi tumelijua kwanza kwenye injini za boti, ingawa kampuni ya injini na pikipiki ilitengwa tangu 1955. Anayetengeneza piano anajua piano inavyotakiwa kusikika, na kwenye L700A nalisikia hilo: sauti za kati, zile ambamo wanakwaya na gitaa la rithimu wanakaa, hazimezwi na besi.

Ina pia kitu ambacho kwa mtu wa usiku nakithamini sana. Sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ndogo hupoteza besi na zile sauti nyembamba za juu mapema kuliko za kati. Ndiyo maana watu huongeza sauti hadi wanaumia. Yamaha wameweka utaratibu wa kurudisha zile zinazopotea kadiri unavyopunguza sauti, kwa hiyo unaweza kusikiliza taratibu na wimbo ukabaki mzima. Sauti yake ya kuzunguka, inayofuata kichwa unapogeuka, nzuri kwa filamu. Kwa muziki naizima. Inakula betri pia: saa 34 zinashuka hadi 11 ukiiwasha.

Waya wa milimita 3.5 unakuja boksini. Kasoro zipo. Ina gramu 330, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili utazihisi gramu hizo masikioni. Ilipotoka ilikuwa ghali kuliko Sony ya wakati wake, na kwenye kuzima kelele Sony na Bose wanaishinda. Nalikubali hilo na bado naiweka juu, kwa sababu kelele za nyumbani kwangu naweza kuzivumilia. Piano inayosikika kama imefunikwa blanketi siwezi.

Namba mbili ni Sony, familia ya WH-1000X. Kama una nafasi ya kuchagua, WH-1000XM4 inakunjika, XM5 haikunjiki, na XM6 ya 2025 wameirudisha ikunjike. Waya wake ni wa 3.5 pande zote mbili, ule ule unaopatikana kila kona, na hedifoni ikiwa imezimwa kabisa bado inalia. Sauti inapungua uhai ikiwa imezimwa, maana inakosa marekebisho yanayofanywa na kompyuta ndogo iliyomo ndani, lakini utafanya mazoezi. Iwashe ukiwa na waya, na kuzuia kelele kunaendelea kufanya kazi. Kama jirani yako anawasha jenereta, hii ndiyo itakayokufaa zaidi.

Namba tatu, Bose QuietComfort Ultra. Kwa ukimya hawa ni magwiji: Amar Bose alipata wazo hili akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Ngurumo za injini ya basi la mikoani zinafutika. Lakini upande wa hedifoni waya wake unaingia jeki ya milimita 2.5. Ukiupoteza, zunguka Kariakoo nzima, wengi watakupa wa 3.5 na kukuhakikishia utaingia. Hautaingia. Tena Ultra ile ya 2023 inataka iwe imewashwa ndipo waya ufanye kazi. Betri ikiisha, ndiyo basi.

AirPods Max naiweka mwisho bila kusita. Gramu 385 hivi, na bila chaji hailii hata kwa waya. Toleo la 2024 lenye tundu la USB-C lilitoka halipokei muziki kwa waya kabisa, hadi Apple walipoleta sasisho la programu mwaka 2025. Kwa bei ile, ni dharau kwa mnunuzi.

Za bei nafuu, Soundcore na JBL za daraja la chini, zinatosha kwenye daladala. Kama shida yako ni kinanda tu, usinunue hata moja kati ya zote nilizotaja: chukua hedifoni ya kawaida ya waya, zile za Yamaha zinazoanzia na herufi HPH, na fedha inayobaki umlipe mwalimu.

Sasa jambo dogo linaloharibu kazi hata kwa aliyenunua vizuri. Vinanda vingi vya Yamaha vya familia ya PSR na piano za umeme vina tundu kubwa la milimita 6.35, kama la gitaa. Utahitaji adapta. Ishike mkononi uitazame ile pini kubwa: ikiwa na pete mbili nyeusi, inapitisha kushoto na kulia. Ikiwa na pete moja, ni ya upande mmoja, na huenda ukasikia sikio moja tu. Watu wamerudisha hedifoni nzima dukani, wamegombana na muuzaji, kumbe mkosaji ni kiadapta cha pete moja. Itazame pia chemchemi iliyomo ndani ya tundu la adapta. Ikilegea, sauti itakwaruza kila ukigeuza shingo, na ukiendelea kuilazimisha inaanza kuchokonoa tundu la kinanda chenyewe, ambalo kulitengeneza ni lazima kifunguliwe chote.

Nimalizie na wauzaji, maana nimewachoka. Wa kwanza ni wale wa mtandaoni wanaopiga picha nzuri ya hedifoni kisha chini wanaandika "bei njoo inbox." Kwa nini bei iwe siri? Naijua sababu: anataka aone picha yako kwanza, ajue unafanana na nani, ndipo apange. Nimewahi kuuliza hedifoni moja mimi na mdogo wangu kwa simu mbili tofauti mchana ule ule, na tukapewa bei mbili. Kodi ya VAT, kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Haijui mtu amevaa nini.

Wa pili ni wanaokataa kufungua boksi. "Dada, ukifungua umenunua." Hedifoni ya Sony feki inatengenezwa na boksi lake, na karatasi zake, na stika inayong'aa. Nje hutaijua. Utaijua ukiizima, ukachomeka waya kwenye simu au kinanda cha dukani, ukasikiliza dakika mbili. Kisha ukaiwasha karibu na feni, ukasikia kama mvumo unashuka kweli au taa tu ndiyo imewaka. Muuzaji mwenye mzigo halali hapungukiwi kitu kwa dakika hizo. Nenda na waya wako na adapta yako mfukoni, usitegemee vya kwake, na umwambie kabla ya kufungua pochi kwamba utajaribu. Akikataa, toka. Wa namna hiyo mimi simnunulii hata chaja.