Fomu ya bure ya odha na Google Sheets: nyota 4

Mi nauza viungo vya pilau natuma mikoani kwa basi, na hii fomu ilinitesa maana nauli ya mzigo ni bei moja tu, mtu kachukua pakiti 12 kalipa 5,000 sawa na wa pakiti 1, hasara kwangu. Nikazidisha nauli kwa idadi, wateja wakakimbia, nani alipe 60,000 ya basi jamani?? Kilichoniokoa ni Google Sheets (jedwali la mtandaoni la Google), odha zinaingia humo afu fomula inapiga yenyewe: =IF(B2<=3,5000,IF(B2<=10,8000,12000)), B2 ndo kisanduku cha idadi, yaani mpaka pakiti 3 nauli 5,000, mpaka 10 ni 8,000, zaidi ya hapo 12,000. Nyota moja nimekata coz mteja haoni jumla hapohapo, mpaka nimtumie WhatsApp. Na idadi wekeni ya kuchagua, kuna mtu kaandika "tano hivi", fomula haikuona namba, akapigwa 12,000 😂